Jini Aliyehitaji Kiyoyozi

Iddi Makame alikuwa dereva wa basi la shule mjini Doha, na katika mambo yote aliyojivunia, la kwanza lilikuwa kwamba ametazama televisheni ya rangi tangu udogo wake, huko Unguja, wakati wenzake wa bara hawajui hata hicho kisanduku kikoje. Jambo hili alilisema kupita kiasi. Wenzake wa nyumba moja pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud walikwisha kulisikia mpaka wakawa wanalimalizia wenyewe kabla hajafika mwisho, naye hakukasirika, alifurahi kuona somo limewaingia.

Kwa kweli televisheni yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa ya mtaa mzima, imewekwa bandani Kikwajuni, na watoto waliketi chini kwenye jamvi huku wakubwa wamejaza mabenchi nyuma yao. Kulikuwa na mchezo mmoja wa Kizungu ulioonyeshwa kila wiki, na Iddi alikuwa radhi kukosa chakula cha usiku kuliko kuukosa. Ulimhusu mwandishi wa habari, mtu mfupi, tai imekaa upande, viatu vinalia akitembea, na mfukoni ana mkate alioanza kuula jana. Gazetini alikuwa akipewa habari za barabara mbovu na mashindano ya maua. Lakini popote alipotumwa, alikutana na zimwi.

Hakuwa shujaa, na hapo ndipo utamu wote ulipokuwa. Hakuwa na bunduki wala misuli. Alipoliona zimwi alikimbia kama ambavyo mimi na wewe tungekimbia, ila kesho yake alirudi palepale akaanza kuuliza watu maswali. Polisi humfukuza, bosi wake humkaripia, majirani humwona punguani. Yeye huuliza tu. Na mwisho, akishalipata zimwi na kulipiga picha, ushahidi hupotea. Mara filamu imeungua, mara kamera imeanguka mtoni, mara wakubwa wameifungia picha kabatini. Kila wiki ikawa hivyo, na kila wiki Iddi alirudi kwao na hasira, akimwambia mama yake kwamba haiwezekani mtu akose kuaminiwa maisha yake yote, angalau mara moja picha ingesalimika.

Kiingereza cha mchezo ule hakuna aliyekijua pale bandani isipokuwa Mbarouk, karani wa bandarini, aliyesimama kando ya televisheni akitafsiri kwa sauti. Tafsiri yake ilikuwa na chumvi nyingi. Miaka mingi baadaye, Doha, Iddi alipogundua kwamba chaneli moja ya dishi inarudia michezo ya zamani kila asubuhi, aliukuta ule ule, na kwa Kiingereza chake cha kazini akagundua kwamba nusu ya maneno matamu aliyoyahifadhi hayamo. Yalikuwa ya Mbarouk. Hata lile neno kuu ambalo mwandishi alilisema kila alipobisha mlango wa mtu mwenye hofu, "Usiogope, nimekuja kuuliza tu," halikuwamo. Iddi alicheka peke yake kitandani, kisha akaamua kwamba Mbarouk alikuwa sahihi kuliko waliotunga.

Basi la shule lina raha yake, hata Agosti kwa watoto wa masomo ya likizo. Ukishawashusha watoto alfajiri, unarudi nyumbani kupumzika mpaka watakapotoka mchana. Saa hizo villa yao ilikuwa kimya. Zamani ilijengwa kwa ajili ya familia moja, lakini msimamizi, ambaye wote walimwita mudiri, aliikatakata kwa mbao ikawa ya watu wengi. Juu alikaa Iddi, na chumba cha pili alikaa Collins Oloo, Mkenya wa Kisumu, bawabu wa hoteli, kijana mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri. Chini, karibu na jiko, walikaa Zuberi na mkewe Nasra, watu wa Tanga. Zuberi alikuwa mpishi, mtu wa maneno machache. Nasra alilea watoto kwenye nyumba moja mtaa wa pili, na maneno ambayo mumewe hakuyasema aliyasema yeye. Nyuma ya jiko palikuwa na stoo ya mudiri, imefungwa kwa kufuli, ndani mna makopo ya rangi na mbao zilizobaki.

Ndipo mwaka 2016, katika joto la Agosti, jini lilipohamia stooni.

Aliyelitangaza ni Nasra. Alisema jua la utosi likifika, pale nyuma hunukia udi, na hakuna mtu aliyeuchoma. Sasa mtu wa pwani huhitaji kumweleza maana ya harufu nzuri isiyo na mwenyewe, tena saa sita mchana. Collins hakujua, akaelezwa. Alisema kwao Kisumu mtu akisikia harufu nzuri huuliza chakula kiko wapi. Lakini siku mbili baadaye alirudi kazini mapema, akapita nyuma kutoa taka, akasikia mtu anaimba kwa sauti ya chini ndani ya stoo iliyofungwa. Taka alizitupa palepale akarudi mbio.

Jioni ile Collins alikuwa na shauri moja tu, kumpigia mudiri simu aje afungue stoo mbele yao. Nasra akapinga, akasema jini halichokozwi, na atakayefungua mlango ndiye atakayefuatwa hadi kwao. Iddi naye alipinga, kwa sababu nyingine. Mudiri alikwisha kuwaambia kwamba villa za kukatwa mbao hazitakiwi na manispaa, na kwamba akisikia kelele zozote za nyumba hii atawatoa wote na kuzibomoa mbao zake. Kwa Iddi, kupoteza chumba kile kulikuwa kupoteza usingizi wa asubuhi, dishi lake na majirani aliowazoea. Hata hivyo, tusimsingizie. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Miaka yote ile amemtazama mwandishi wa viatu vya kulia, na leo zimwi limekuja kukaa nyuma ya jiko lao.

"Nipeni mpaka Ijumaa," aliwaambia. "Nitaleta picha. Kama ni jini mtaliona, na kama ni mtu mtamwona."

"Na kama hakuna picha, mzee, mimi napiga simu," Collins akasema. "Siwezi kulala na kitu inaimba hapo chini."

Wakakubaliana hivyo.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kurudisha basi, Iddi alivua viatu ili visilie, akazunguka nyuma ya nyumba. Hakuona jini wala hakusikia wimbo. Aliona mchicha. Chini ya ukuta wa stoo, kwenye kijia cha saruji kilichopasuka, ulikuwa umeota mchicha wa kijani kabisa, katika mji ambao mwezi ule hata majani ya mtende yanakauka. Aliinua macho. Juu ya mchicha palikuwa na kiyoyozi cha dirishani, na kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji, tone baada ya tone. Doha kila ukuta unanguruma kwa viyoyozi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuusikiliza ule.

Iddi alikaa chini kivulini akafikiri. Chuoni, walikosomea Kurani, walifundishwa kwamba majini yameumbwa kwa moto. Kiumbe cha moto kinaogopa joto la Agosti? Jini gani hilo, lisiloweza kulala mpaka kiyoyozi kiwashwe hadi mwisho? Alicheka kwa sauti, kisha akajiziba mdomo. Alijua sasa kwamba ndani mna mtu, na kile kicheko kikamwishia, kwa sababu mtu anayejifungia stooni Agosti nzima si mtu mwenye raha.

Lakini ahadi ni ahadi, na yeye alikuwa amewinda picha ile tangu jamvini Kikwajuni. Kando ya kiyoyozi, mahali ubao ulipoachia fremu, palikuwa na upenyo wa kupitisha simu. Alipanda juu ya ndoo, akaiingiza simu, akabofya, akaitoa.

Picha ilikuwa safi. Mwanamke kijana ameketi juu ya kopo la rangi, kanga begani, mkononi ana kisu na kiazi alichokuwa akimenya. Alikuwa ametazama moja kwa moja kwenye simu. Iddi aliendesha magari miaka mingi, na macho kama yale aliwahi kuyaona mara moja tu, kwa mtu aliyevuka barabara akakuta breki zimeshachelewa.

Aliona haya. Aliweka mdomo karibu na ule upenyo, na maneno yaliyomtoka hayakuwa yake, yalikuwa ya karani wa bandarini. "Usiogope. Nimekuja kuuliza tu."

Aliyejibu alikuwa nyuma yake.

"Umeona nini, shemeji?"

Alikuwa Nasra, katoka kazini saa isiyo yake. Mkono mmoja ameshika sahani iliyofunikwa kawa, mkono wa pili chetezo, na chetezo kinafuka udi. Iddi alishuka kwenye ndoo polepole. Aliitazama sahani, akakitazama chetezo, akamtazama yule aliyelitangaza jini kabla ya watu wote, na mambo yakampangika kichwani bila kuelezwa.

Nasra alimweleza hata hivyo, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha jambo lijieleze lenyewe. Yule alikuwa Shamira, Mganda wa Masaka. Alifanya kazi za ndani kwenye nyumba jirani na pale Nasra anapolea watoto, na walizoea kuzungumza juu ya ukuta wakianika nguo. Siku za mapumziko hakuwa nazo, simu alinyang'anywa, na kulala kwake kulikuwa kwa kusinzia. Siku moja aliikuta pasipoti yake mezani, akaitia kifuani, akatoka na takataka asirudi tena. Na mfanyakazi akishatoroka kwa mwajiri huwa anatafutwa, hata kama aliyekosewa ni yeye. Akikamatwa ni mahabusu kwanza, na nyumbani Masaka ana mtoto anayelelewa na bibi yake. Ufunguo wa stoo mudiri alimwachia Nasra ili fundi wa rangi asihangaike. Zuberi alijua, na kwa kuwa Zuberi hasemi, siri ilikaa.

"Nikawaza, watu wa nyumba hii nitawazuiaje wasifike nyuma," Nasra akasema. "Kufuli halizuii mtu. Udi unazuia. Niliwahesabu wote nikaona nimemaliza, nikakusahau wewe na bwana wako wa televisheni."

"Collins hana neno baya, shemeji. Nikimweleza ataelewa."

"Ataelewa. Na kwa huruma yake atamwonyesha mwenzake wa kazini, na mwenzake atamwonyesha wake, na kabla ya Magharibi sura ya huyu mtoto iko kwenye kila simu ya Mwafrika hapa Doha." Sauti yake ikashuka. "Iddi, mimi ninalala na hofu hiyo. Nifutie ile picha."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina tupu. Iddi aliitazama picha mara ya mwisho. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, mwanga umeingia vizuri, sura haikutikisika. Zimwi limepatikana na ushahidi umesalimika, mara hiyo moja aliyoililia mbele ya mama yake. Iliuma, na hakujifanya kwamba haikuuma. Akaifuta, akampa Nasra simu aikague mwenyewe.

Ijumaa ikafika. Waliotoka msikitini walirudi, Collins akarudi na shati lake jeupe kutoka kanisani Mesaimeer, maana Doha Wakristo nao husali Ijumaa, Zuberi akapakua pilau, wakaketi wote uani chini ya turubai kuikabili sinia. Collins hakuanza hata kula. Aliomba picha.

Iddi alikuwa ameshaandaa uongo wake tangu alfajiri, na hakuupenda. Aliwaambia amekwenda nyuma, amepiga picha, na picha ikatoka nyeusi tii. Amejaribu tena, nyeusi. Akasema yeye hakuwa akiamini, lakini sasa ameamini, lile ni jini kweli, tena ni jini la heshima, linaimba kaswida, halina shida na mtu. Liachwe.

Collins alimtazama mpaka pilau ikaanza kupoa. "Mzee Iddi. Wewe ndio ulisema televisheni ya rangi, sijui mwandishi, sijui maswali. Wiki mzima. Sasa umekimbia?"

"Nimekimbia," akasema Iddi.

Zuberi alikohoa. Nasra aliinuka akasema anakwenda kuongeza kachumbari.

Collins alicheka sana, akamwita mwandishi wa uwongo, akasema kama mzee ameshindwa basi kijana ataimaliza. Alitoa simu, akatafuta jina la mudiri. Atakuja, atafungua, wataona wote, kwisha. Iddi alijaribu la jini kumfuata anayefungua mlango, Collins akajibu kwamba yeye ameokoka. Akajaribu la mudiri kuwatoa nyumbani, Collins akasema afadhali kutolewa kuliko kuimbiwa. Kidole kilikuwa tayari juu ya namba. Iddi moyoni alikuwa akimwona mtu aliyeketi kwenye kopo la rangi, akisikiliza kila neno kupitia ukuta.

Ndipo upepo, au Mungu, au mwanamke wa Kitanga aliyekwenda kuongeza kachumbari, ukaileta ile harufu. Ilikuja taratibu kutoka nyuma ya jiko, tamu na nzito, ikapita juu ya sinia, mchana mweupe, jua liko utosini.

Collins aliivuta kwa pua mara mbili. Aliitazama kona ya jiko, akautazama mlango wa nje, akairudisha simu mfukoni kana kwamba aliitoa kuangalia saa.

"Wacha ikae tu," akasema. "Kwani inakula rent ya nani?"

Akanawa, akala, na habari ya stoo ikaishia hapo. Iliyobaki ilikuwa habari ya Iddi. Collins aliieneza hotelini, dereva mmoja akaipeleka hadi kwenye maegesho ya mabasi, na wiki zile zote Iddi alikuwa mtu aliyekimbia jini. Madereva walimpungia udi wa kujifanya. Alimeza. Kuna siku alirudi nyumbani amenuna, akakuta mlangoni kwake bakuli la kachori lililofunikwa vizuri, hana haja ya kuuliza limetoka wapi.

Mwisho wa Agosti, akiwa ameegesha basi nje ya shule akisubiri watoto, alisikia kwenye redio kwamba nchi inatoa msamaha. Wote waliokaa bila vibali, wakiwamo waliotoroka kwa waajiri, wataruhusiwa kurudi makwao bila kushtakiwa, kuanzia Septemba. Iddi alizima injini ili asikie vizuri. Akasubiri wairudie kwa Kiingereza, wakairudia, na maneno yakawa yaleyale. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani akalia, mtu mzima na sare yake. Watoto walipopanda walimkuta anacheka, na njia nzima aliwaachia wapige kelele.

Jioni ile alikwenda nyuma ya nyumba bila kuvua viatu. Alibisha kwenye fremu ya dirisha akaisema habari kupitia upenyo, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, asije akaeleweka nusu. Ndipo yule ambaye Iddi hakuwahi kumsikia hata siku moja akisema, akasema.

"Rudia tena, mzee. Nataka kusikia mara ya pili."

Akarudia. Akarudia hata mara ya tatu ambayo hakuombwa.

Zuberi na Iddi walimsindikiza kwenye ofisi ya msamaha, Iddi akiwa mkalimani, na hofu yote waliyoibeba njiani ilikutana na karani mchovu aliyeuliza pasipoti na tiketi, akagonga muhuri, akaita mwingine. Tiketi Nasra aliichangisha kwa wanawake wenzake bila kumtajia yeyote ni ya nani. Kwenye uwanja wa ndege, Shamira alimshika Iddi mkono kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao. Alimwambia kwamba siku ile alipoiona simu imeingia ukutani alijua amekwisha. Kisha akasikia mtu anasema amekuja kuuliza tu. Hakuna mtu katika nchi hii aliyekuwa amemuuliza kitu.

Iddi alitaka kumweleza kwamba maneno hayo si yake, ni ya karani mmoja wa bandarini aliyependa chumvi. Foleni ikasogea, akamwacha aende.

Asubuhi iliyofuata alijilaza mbele ya televisheni. Mwandishi alikuwa amelipata zimwi, amelipiga picha, na kwenye daraja kamera ikamponyoka ikazama mtoni. Iddi alisubiri ile hasira yake ya utotoni ije. Haikuja. Alimtazama yule mtu mfupi akiondoka na viatu vyake vinavyolia, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kama kweli ilimponyoka. Akalala usingizi mzuri mpaka saa ya basi.

Ilikuwa Ijumaa nyingine, sinia iko katikati, na Collins yuko katikati ya kisa cha mzee aliyekimbia jini, akikisimulia kwa mgeni aliyemleta kula, pale simu ya Iddi ilipolia. Ilikuwa picha kutoka Masaka. Shamira amesimama uani kwao, juani kabisa, amembeba mtoto mkubwa ambaye miguu yake inakaribia kugusa chini, na wote wawili wamekunja uso kwa mwanga. Chini aliandika kwamba sasa Iddi anaweza kuwaonyesha wenzake.

Iddi alimtazama Nasra. Nasra aliiona picha, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaitikia kwa kichwa.

Basi akampitishia Collins simu juu ya sinia. "Picha yako hiyo. Imechelewa kidogo."

Collins aliitazama, akaigeuza, akaikuza kwa vidole. "Lakini huyu si jini," akasema. "Huyu ni mtu."

"Eee," akasema Iddi. "Ndivyo nilivyoona na mimi."